UZI: Mti mkongwe katikati ya bustani, kipi kinaufanya uwe urithi na unalindwaje? (Moshi na Arusha)

#1 Mtaa_na_Mti (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Bustani za wazi zikikarabatiwa mambo huwa yaleyale: pevingi, taa, mabenchi, kibanda cha chipsi pembeni. Na katikati mara nyingi pana mti mmoja mkubwa, mkuyu au mvule, ambao kwenye mchoro wa fundi umechorwa kama kiduara cha kijani chenye upana wa mita mbili. Kiduara hicho ndicho kimenifanya nifungue uzi.

Akitokea mtu wa kuutetea mti, hoja yake huwa moja tu: "una miaka mia tano huu." Akiulizwa umejuaje, kimya. Hapo chenso inawashwa.

Naomba tuweke hapa hoja zinazosimama mbele ya kikao, pamoja na namna ya kupima, kuandika na kutunza. Naanza na jina, maana barua inayosema "mti mkubwa wa pale bustanini" haifiki mbali.

Mkuyu (Ficus sycomorus): matunda yanaota kwa vichala kwenye shina lenyewe na kwenye matawi manene, gome lina umanjano wa kijani na linabanduka kama karatasi. Ficus thonningii, ambao Wamaasai na Waarusha wanauita oreteti na kuuheshimu kama mti wa ibada: matunda ni madogo, yanakaa kwapani mwa majani, na mizizi inaning'inia toka juu kwenye matawi. Ukikwangua kikonyo cha jani, yote miwili inatoa maziwa meupe. Mvule nao unatoa maziwa, kwa hiyo usidanganyike. Wenyewe una miti dume na miti jike. Dume linatoa vishada vyembamba vinavyoning'inia kama mikia.

Piga picha nne: mti mzima, gome kwa karibu, jani pande zote mbili, tunda. Zinatosha kumpelekea mtu wa Chuo cha Misitu Olmotonyi akakupa jina bila kufika.

#2 Kamba na Tepe

Vipimo sasa.

Mzingo hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na kama mti uko kwenye mteremko, unaanzia upande wa juu. Tepe ya fundi cherehani ina sentimita 150, haitoshi. Chukua kamba isiyovutika, zungusha, weka alama, kisha ilaze kwenye tepe ya chuma. Kamba isipande wala kushuka: watu wawili waishike, wa tatu azunguke kuikagua. Ikipinda kidogo tu upande wa nyuma, unajikuta umeongeza sentimita 10 ambazo mti hauna.

Mzingo gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Sentimita 628 ni kipenyo cha mita 2.

Mti wenye mizizi mbawa (ile inayotanuka kama kuta kutoka shinani) iliyopanda juu ya mita 1.3 unapimwa juu ya pale mbawa zinapoishia, na lazima uandike ulipimia kimo gani. Bila hilo, atakayepima baada ya miaka kumi atasema mti umenywea.

Urefu pima kwa kivuli, saa mbili au saa tatu asubuhi. Mchana huku kwetu jua linakuwa karibu utosini, kivuli kinajikunja chini ya mti. Simamisha fimbo ya mita 2 wima. Kivuli chake kikiwa mita 3 na cha mti mita 45, basi mti ni 45 × 2 ÷ 3 = mita 30. Kivuli cha mti kipimwe toka katikati ya shina, siyo toka ukingo wa majani, na ardhi iwe tambarare. Kosa kubwa hutokea kwenye miti ya kichwa kipana kama mkuyu: kivuli unachokiona mwishoni ni cha tawi la pembeni, si cha kilele.

Halafu upana wa kichwa, kaskazini-kusini na mashariki-magharibi. Na nukta ya GPS, ambayo simu yoyote inatoa.

#3 kijana_wa_njoro

Mkuu kwa nini wasitoboe wakahesabu pete wamalize ubishi wa umri?

#4 Kamba na Tepe

Sababu tatu. Pete za mwaka zinaaminika pale penye baridi kali inayousimamisha mti kabisa. Huku tuna masika na vuli. Mti unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka, au moja, au isionekane kabisa. Pili, miti mikongwe mara nyingi ina uwazi ndani, na miaka ya mwanzo ndiyo iliyooza. Tatu, kekee ya kutolea sampuli inaacha tundu refu hadi kwenye kiini. Mti kijana huzingira jeraha hilo. Mzee anaacha mlango wazi kwa uyoga.

Kwa jamii ya mikuyu inayokaba, hata unene hautabiri umri. Ndege anadondosha mbegu kwenye panda ya mti mwingine, mche unaanza juu, unashusha mizizi, mizizi inashikana na kuungana hadi mwenyeji anakufa na kuoza katikati. Hicho unachokiita "shina" ni mizizi iliyounganika, kwa hiyo mzingo unakuambia mizizi mingapi imeungana na mwenyeji alikuwa mnene kiasi gani. Mfano wake hauko mbali: mti wa upinde ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, kwenye njia ya Mlima Meru, gari linapita chini yake. Lile tundu si kazi ya mtu wala panga, ni mizizi iliyoshuka ikaacha nafasi.

#5 Maktaba ya Mtaani

Hapo mmegusa penyewe. Umri ni hoja dhaifu kwa sababu hauthibitiki, na hata ukithibitika haukuambii mti una maana gani kwa watu.

Chukueni mti wa Old Moshi unaotajwa kuwa ndio alikonyongwa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Meli na wenzake 18, akiwemo Mangi Molelia wa Kibosho. Meli ndiye aliyewapiga Wajerumani mwaka 1892, pambano alilouawa kamanda wao, von Bülow. Ukoo wake unasema kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na hadi leo unakitafuta. Mwaka 2023 vipimo vya DNA kwa mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin vilionyesha undugu na familia za Kichaga zilizo hai, ikiwemo ya akida wa Meli. Sanamu ya ukumbusho ilijengwa pale Old Moshi mwaka 2019.

Sasa mwulize mtu yeyote wa pale mti una miaka mingapi. Hakuna anayejali. Mti una uzito kwa sababu ya siku moja yenye tarehe, na kwa sababu kaburi kamili hakuna. Wakitaka mahali pa kusimama, wanasimama hapo.

Kwa mti wa bustani ya mtaa usitegemee tarehe nzito hivyo. Ila kuna ushahidi unaotafutika:

Jina la mahali. Mbuyuni ya Moshi na Mianzini ya Arusha ni majina ya miti na mimea yaliyogeuka anwani. Kituo cha daladala kikiitwa kwa jina la mti wenu, hiyo ni hoja, andikeni.

Picha za zamani. Wamisheni wa Leipzig walipiga picha nyingi Old Moshi, Machame na Meru, na mkusanyiko wao mkubwa umewekwa mtandaoni. Usitafute picha ya mti, tafuta picha ya kanisa, boma au soko la jirani halafu angalia nyuma ya watu waliopangwa mstari. Mti mara nyingi uko pale nyuma, mpiga picha wala hakuukusudia.

Ramani na picha za anga za upimaji. Na majalada ya kipindi cha Wajerumani yapo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ingawa mwandiko wao ule unahitaji mtu aliyeuzoea.

Simulizi za wazee. Wahojini mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Mkiwaweka watano kwenye benchi moja, mzee wa kwanza atasema, wanne wataitikia kwa heshima, na mtaondoka na ushahidi wa mtu mmoja. Ulizeni vitu vyenye mipaka: baraza lilikaa upande gani, nani aliruhusiwa kukata tawi, kulikuwa na masale yamepandwa kuzunguka? Sale kwa Wachaga ni mmea wa mpaka, wa kuomba msamaha na wa amani. Mstari wa masale mazee kuzunguka mti haukujiotea.

#6 Msema Kweli wa Kijenge

Naomba nipinge kidogo. Si kila mti mkubwa ni urithi, tusichoshe vikao. Mkitaka miti yote mikubwa iandikwe, mtapewa sifuri.

Na jakaranda je? Watu wanaipiga picha mwezi wa kumi na kumi na moja, mji wote zambarau, lakini asili yake ni Amerika Kusini.

#7 Maktaba ya Mtaani

Kupinga kwako ni sahihi kwa nusu ya kwanza. Ndiyo maana mnachagua mmoja au miwili, na mnaandika sababu moja kuu badala ya kurundika kumi.

Nusu ya pili hapana. Ugeni wa mti haufuti historia yake. Mwembe nao ulikuja toka Asia, lakini Mwembe Kinyonga wa Kilwa Kivinje, ambako wapiganaji wa Maji Maji walinyongwa, nani atauita mti wa wageni? Jakaranda zilizopangwa kwa mstari zinaeleza mji ulichorwaje na nani alitakiwa kutembea kivulini. Hiyo ni historia pia, hata kama haitupendezi. Isipokuwa hapo urithi ni mstari mzima wa barabara. Mti mmoja ukifa unapandwa mwingine na maana inabaki. Mti wa Meli haupandiki tena hivyo.

#8 Msema Kweli wa Kijenge

Hapo nakubali. Mstari na mti mmoja ni kesi mbili tofauti.

#9 Wakili wa Vichochoro

Njia za kisheria, maana barua nyingi zinapelekwa mlango usio wake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Iliandikwa ikitazama zaidi vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Mti haukutengenezwa na mtu, kwa hiyo hauingii wenyewe. Mnachoomba ni eneo lenye umuhimu wa kihistoria, na mti unakuwa ndani ya eneo. Inafaa kwa kesi kama ya Old Moshi. Kwa bustani ya mtaa ni mlima mrefu.

Sheria ya Misitu Namba 14 ya 2002. Waziri anaweza kutangaza miti ya hifadhi kupitia Gazeti la Serikali, na hapo kuukata bila kibali ni kosa. Mvule una nafasi nzuri huku kwa sababu mbao zake zinawindwa. Anzeni kwa afisa misitu wa halmashauri au TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania).

Sheria ndogo ya halmashauri. Moshi ni manispaa na Arusha ni jiji, kwa hiyo msingi ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya 1982. Hii ndiyo njia ya watu wa kawaida: mkutano wa mtaa wenye muhtasari na mahudhurio yaliyosainiwa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kamati ya mipango miji na mazingira, kisha baraza la madiwani. Sheria ndogo ikishapita lazima iidhinishwe na waziri wa TAMISEMI, hivyo msiahidiane mwezi mmoja.

Inayofanya kazi haraka zaidi hata siyo sheria: ingizeni mti kwenye mchoro wa ukarabati wenyewe. Kabla ya zabuni kutangazwa, ombeni mchoro uonyeshe eneo la mizizi kwa mita, na mkataba uwe na kifungu cha kumkata mkandarasi pesa akiliingilia. Zabuni ikishatoka, kila badiliko lina gharama na kila mtu atawakwepa.

Nairobi mwaka 2020 mkuyu wa Barabara ya Waiyaki ulinusurika ujenzi wa barabara ya juu baada ya watu kupiga kelele na serikali kutamka ubaki. Kelele zilisaidia, lakini msizitegemee. Pale mti ulikuwa mashuhuri na kamera zilikuwa tele.

#10 Fundi Bustani

Mita za eneo la mizizi: kwa mti mkongwe chukua kipenyo cha shina mara 15. Ule wa #2 wenye kipenyo cha mita 2 unahitaji nusukipenyo cha mita 30 toka kwenye shina. Ndiyo, ni kubwa. Kiduara cha mita mbili cha mleta uzi ni kama kumwambia mtu tumekuachia viatu, tumechukua miguu.

Sababu ni hii. Mizizi inayokunywa na kupumua iko juu, sehemu kubwa ndani ya sentimita 60 za kwanza, nayo inaenda mbali kupita kivuli. Fundi wa pevingi anachimba sentimita 30, anamwaga moramu, anapitisha kompakta. Amekata nusu ya mizizi na kuziba pumzi ya nusu iliyobaki. Mti haufi wiki hiyo. Unaanza kukauka vileleni baada ya miaka mitatu, mitano, wakati mkandarasi ameshalipwa na watu wanasema "umezeeka tu".

Badala yake:

Ndani ya eneo la mizizi pasilazwe pevingi. Tandaza matandazo ya vipande vya mbao au majani makavu, unene sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina, acha kama sentimita 15 wazi. Watu wakihitaji kupita, jenga kijia cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo, mashimo ya nguzo yachimbwe kwa mkono na kuhamishwa yakikutana na mzizi mnene.

Waya wa taa ukilazimika kupita, mtaro uchimbwe kwa mkono. Mzizi wenye unene wa sentimita 2.5 au zaidi haukatwi, waya unapitishwa chini yake.

Udongo usijazwe kwenye kitako. Pale shina linapopanuka kuingia ardhini lazima paonekane. Sentimita 20 za kifusi juu ya kitako zinalainisha gome na kualika kuoza.

Tawi zito linakatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza toka chini, sentimita 30 hadi 50 kutoka shinani, theluthi ya unene. Wa pili toka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza; tawi linaanguka bila kuchana gome. Wa tatu unaondoa kisiki, nje tu ya ule uvimbe unaozunguka mzizi wa tawi. Ukikata uvimbe wenyewe, jeraha halifungi. Usipake rangi wala lami, inafungia unyevu ndani. Usijaze tundu kwa sementi: mti unayumba, sementi haiyumbi, vinasagana na maji yanakaa katikati.

Chokaa shinani haiui, ni ushamba tu. Bora nguvu hiyo iende kuhamisha dampo, maana moto wa taka kitakoni unaua upande mzima wa mti bila gome kuonekana limeungua sana.

#11 kijana_wa_njoro

Na hoja ya "utaangukia watu"? Hiyo ndiyo inayoshinda kila mara.

#12 Fundi Bustani

Ijibu kwa ukaguzi, usiijibu kwa hasira. Gonga shina kwa nyundo ya mpira kuzunguka, kila sentimita 20. Mlio wa ngoma unakuonyesha uwazi uko wapi. Uwazi peke yake si hukumu: kipimo cha mkato ni kwamba ukuta wa mbao nzima uliobaki uwe angalau sehemu tatu kati ya kumi za nusukipenyo. Nusukipenyo sentimita 100, ukuta sentimita 30, mti unasimama. Ukuta ukiwa na ufa au tundu kubwa ubavuni, kipimo hicho hakikusaidii, ita mtaalamu.

Dalili za hatari kweli ni uyoga mgumu uliotoka kama rafu kitakoni (Ganoderma mara nyingi), udongo uliopasuka nusu duara upande mmoja, au mti kuanza kuinama wakati zamani haukuinama. Tawi kavu juu ya njia ondoa. Tawi kavu juu ya nyasi ambako hakuna anayekaa, liache, hondohondo wana kazi nalo.

Mara nyingi dawa ni kuhamisha benchi.

#13 Mama Miche

Naongeza kitu ambacho watu hukumbuka wamechelewa: mrithi. Cotton Tree wa Freetown, Sierra Leone, ulikuwa alama ya taifa zima, hata kwenye noti zao umo. Tarehe 24 Mei 2023 dhoruba ikauangusha usiku mmoja. Ujiji, mwembe ambao Stanley na Livingstone wanasemekana walikutana chini yake mwaka 1871 ulikufa zamani. Miembe inayoonyeshwa leo inatajwa kuwa ni uzao wake. Ndiyo maana wageni bado wana kitu cha kuangalia.

Mkuyu ni rahisi. Mwanzoni mwa masika kata vipande vya matawi yenye afya, unene sentimita 5 hadi 10, urefu mita 1.5 hadi 2. Acha maziwa yakauke siku moja kivulini. Fukia sentimita 50, ncha ya juu iwe imekatwa mshazari maji yasituame. Weka vipande sita ukitegemea viwili vitatu vishike. Na usigeuze juu chini! Weka alama ya rangi upande wa chini kabla hujabeba.

Usipande kivulini mwa mama yake, hakitakua. Kimoja kipelekwe shule ya jirani, kingine bustani nyingine.

Mvule ni kazi zaidi. Mbegu zinapoteza nguvu upesi, zisie mara tu matunda yanapodondoka. Na miche inashambuliwa na kidudu Phytolyma, kinachofanya machipukizi yavimbe kama njegere kisha yaoze. Kata chipukizi lililovimba mapema, lichome, na miche iwe imechanganywa na mimea mingine badala ya kuipanga mvule mtupu.

#14 Mtaa_na_Mti (mleta uzi)

Asanteni wakuu. Nimekusanya maneno ya kibao, nikosoeni:

"MKUYU (Ficus sycomorus). Mzingo sentimita 628 kwenye kimo cha mita 1.3. Urefu mita 30. Wazee wa mtaa walikaa baraza upande wa mashariki. Una zaidi ya miaka 300."

Tungekipigilia shinani, kwenye kimo cha macho.

#15 Kamba na Tepe

Futa sentensi ya mwisho. Weka mwezi na mwaka wa kupima.

#16 Maktaba ya Mtaani

Na "wazee wa mtaa" ni wa kipindi gani? Kama simulizi zinafika kwa babu zao, andika "kwa simulizi za wazee waliohojiwa mwaka huu". Msomaji ajue ni simulizi.

#17 Fundi Bustani

Shinani usipigilie chochote. Kibao kiwe na nguzo yake, nje ya eneo la mizizi, au angalau shimo lichimbwe kwa mkono.

Misumari ya matangazo iliyopo tayari: inayocheza ng'oa, iliyomezwa iache, maana kuichokonoa kunafungua jeraha kubwa kuliko msumari wenyewe. Waya uliozungushwa shinani ndio wa kuukimbilia leo hii, kwa sababu unakaba njia ya chakula mti mzima. Ukate kwa koleo kila mahali unapoonekana nje. Sehemu iliyozama ndani ya gome usiivute, iache humohumo.